Maji Mpaka Adhuhuri

Saa tisa alasiri, jua la Juni likiwa limewafungia watu wote ndani, Wasila alimkuta bintiye nyuma ya nyumba amechuchumaa chini ya kiyoyozi. Alikuwa anakunywa maji kwenye ndoo. Ni yale maji yanayodondoka kutoka kwenye mtambo, ambayo Wasila huyatumia kudekia, na juu yake vumbi la fosfati kutoka mgodini lilikuwa limetanda kama malai ya maziwa. Dorsaf aliposikia kandambili za mama yake alisimama, akafuta mdomo kwa mkono wa gauni.

"Nilikuwa nanawa, mama."

"Unanawa koo?"

Alimpiga kofi, kisha akaimwaga ile ndoo mchangani mbele yake. Mtoto hakulia. Aliangalia maji yanavyozama, akaingia ndani. Kwenye gauni lake, nyuma, palikuwa na doa bichi ukubwa wa kiganja. Doa hilo lilikuwapo siku zote.

Dorsaf alikuwa na miaka minane na hajawahi kukauka hata siku moja. Alipokuwa wa nepi hakuna aliyejali. Alipofika miaka mitatu, mama yake akaanza kumfundisha kwenda msalani, na mtoto alijifunza upesi kuliko wenzake: akibanwa anasema, anakwenda, anakojoa kama watu, anavuta maji, anarudi. Lakini nusu saa baadaye chupi imelowa. Akibadilishwa, nayo inalowa. Kidogo kidogo, tone kwa tone, mchana na usiku, amekaa, amesimama, anacheza, anakula.

"Mama, mimi sikojoi," alikuwa akisema. "Inatoka yenyewe."

"Haitoki yenyewe. Wewe ndiye mwenye huo mwili."

Walipompeleka zahanati alikuwa na miaka sita, na mdogo wake Skandar alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Daktari alikuwa kijana wa mjini aliyekuja kumalizia mwaka wake wa mafunzo huko machimboni, na foleni nyuma yao ilifika barabarani. Alibonyeza tumbo la mtoto mara mbili, akamtazama mdogo wake mikononi mwa mama, akatabasamu kama mtu aliyepata jibu la kitendawili.

"Hana ugonjwa huyu. Ni wivu, kapata mdogo wake. Mpunguzie maji jioni. Atajifunza."

Jioni, ndivyo alivyosema. Wasila aliondoa maji jioni na mtoto akaendelea kulowa. Akaondoa maji baada ya alasiri, hali ikawa ile ile. Mwaka uliofuata, Dorsaf alipoanza darasa la kwanza na mwalimu Najiba akatuma ujumbe kwamba aje na mto wake wa kukalia maana benchi linaharibika, Wasila akaweka sheria mpya: maji mpaka adhuhuri. Muadhini akishaadhini, basi, hakuna tena mpaka kesho asubuhi. Chupa ya maji ya kununua aliifungia kabatini na ufunguo akautundika shingoni, kwa kuwa maji ya bombani pale machimboni yalikuwa ya chumvi na hakuna mtu aliyeyanywa kwa hiari yake.

Shuleni walimwita Dorsaf Bomba. Wengine walimwita Bomba tu, na wale wadogo hawakujua kama ana jina lingine.

Na nyumbani baba yake, Lazhar, akirudi kutoka zamu mgodini, akivua buti mlangoni, alikuwa akinusa hewa kwanza kabla ya kusalimia. "Wasila, fanya ufanyavyo. Mimi siwezi kula chakula kwenye harufu ya zizi."

Kwa hiyo Wasila alifanya alivyofanya. Alifua mashuka kila asubuhi kabla majirani hawajafungua madirisha. Alianika ndani. Alimnyima mtoto maji, akampiga, akamwombea dua, akamvalisha hirizi ya mama yake mzazi, akampiga tena. Mwili wake ulichoka na moyo wake ukawa mgumu. Kuna nyakati alimtazama bintiye akiwa amelala, midomo imepasuka, akahisi si huruma bali hasira, kana kwamba mtoto ndiye aliyemlazimisha kuwa mama wa namna ile.

Mwezi wa Julai walimtahiri Skandar. Lazhar alikuwa ameahidi sherehe kubwa, mtoto wa kiume ni huyo mmoja. Wageni walikuja kutoka Gafsa, kutoka Sfax, hata Tunis. Usiku wa kuamkia siku hiyo Wasila alimketisha Dorsaf kitandani.

"Kesho tu, mwanangu. Kesho nitunzie heshima yangu. Usinywe kitu toka sasa mpaka wageni waondoke. Keshokutwa kunywa pipa zima, sitakuuliza."

Dorsaf alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameshonewa gauni jeupe lenye utepe wa kijani na aliahidiwa kubeba sinia la makrudh, vile vikeki vya tende, kuwapitishia wanawake. Hakutaka kuliharibu gauni lile. Asubuhi aliamka hata chai hakuigusa.

Kufikia saa saba mchana ukumbi wa nyumba ulikuwa umejaa wanawake, ngoma, vigelegele na joto. Skandar alikuwa ameketishwa juu ya mito, kanzu yake ya hariri na kofia nyekundu, analia na kula peremende kwa zamu. Dorsaf alipita na sinia mara ya kwanza. Alipopita mara ya pili, alisimama katikati ya chumba, akajikunja kama mtu aliyepigwa ngumi ubavuni, na makrudh zote zikamwagika kwenye zulia.

"Simama!" Wasila alinong'ona, akimshika mkono. "Simama, watu wanakuangalia."

"Mama, hapa. Hapa, mama." Mtoto alikuwa ameshika ubavu wa kushoto. Kisha akatapika, na kilichotoka kilikuwa povu la njano tu.

"Wivu huo," alisema mwanamke mmoja kwa upole, akiokota makrudh. "Wangu naye alifanya hivyo hivyo siku ya mdogo wake."

Hapo ndipo Monjia alipoinuka. Monjia alikuwa dada mkubwa wa Lazhar, mjane, mpishi wa shule moja Sfax, mnene, mdomo wake hauna breki, na Wasila alikuwa akimwogopa tangu siku ya harusi.

"We Wasila, mtoto anatoka jasho la baridi na wewe unamwambia asimame?"

"Anajifanya, wifi. Humjui. Kila Skandar akipata kitu, naye lazima aumwe."

"Mimi nimewahi kuona mtoto anajifanya kuumwa. Rangi ya uso hawezi kuibadilisha." Alimnyanyua Dorsaf kama mzigo wa nguo, akampeleka msalani, akafunga mlango. Wanawake wakasubiri. Mpiga ngoma akasubiri. Baada ya muda sauti ya Monjia ilipasua ule ukimya:

"Lazhar! Njoo na gari! Mtoto anakojoa damu!"

Gauni jeupe lilikuwa limeingia doa jekundu nyuma, na Wasila aliona jinsi wanawake walivyotazamana, maana damu kwa msichana wa miaka minane huwafanya watu wafikirie mambo mengine. Jambo la kwanza alilohisi, na hakuja kulisahau, lilikuwa aibu. Woga ulikuja baadaye, garini.

Hospitali ya Gafsa walimpaka mtoto mafuta tumboni, wakampitishia kile kifaa cha ultrasaundi. Aliyekuwa akikishika alipita kulia, akarudi kushoto, akarudi tena. "Jiwe lipo," alisema. "Lakini na hii figo yenyewe imekaaje hivi? Nendeni Sfax." Wakamchoma sindano ya maumivu, wakampa barua.

Daktari wa upasuaji wa watoto huko Sfax aliitwa Besma, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma barua, akaangalia picha, halafu badala ya kuzungumzia jiwe aliuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza.

"Mama, huyu mtoto anakwenda msalani kama kawaida? Anabanwa, anakwenda, anakojoa?"

"Anakwenda."

"Na pamoja na hayo, katikati, analowa?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

"Hajawahi kukauka hata siku moja? Hata saa mbili?"

"Hata saa moja, daktari."

Besma alivua miwani. Alichukua karatasi akachora maharagwe mawili na puto. "Hizi figo. Hiki kibofu. Kila figo ina mrija mmoja unaoshusha mkojo kwenye kibofu, na kibofu kina kizuizi chini, ndiyo maana tunaweza kujizuia. Binti yako, figo ya kushoto, amezaliwa na mirija miwili. Mmoja umefika kibofuni vizuri, ndiyo maana anakojoa kama watu. Wa pili umepotea njia." Alichora mstari uliopita kando ya puto na kutokea chini yake. "Umetokea huku, nje ya kizuizi. Huku hakuna mlango. Mkojo ukitengenezwa, unadondoka. Asingeweza kuuzuia hata angekuwa malaika."

Lazhar alikohoa.

"Hakuwaambia chochote?" Besma aliuliza. "Watoto wa umri huu huwa wanasema."

Wasila alifungua mdomo. *Inatoka yenyewe.* Alisikia sauti ile waziwazi, sauti ya mtoto wa miaka minne, ya miaka mitano, ya miaka sita. "Hakusema," alijibu.

Dorsaf, aliyekuwa amelala kwenye kitanda cha kupimia, aligeuza macho akamtazama mama yake, kisha akarudisha macho darini.

"Na jiwe?" Lazhar aliuliza.

"Mrija ule umetanuka, mkojo unatuama ndani yake, na mkojo uliotuama hufanya mawe. Joto la kwenu pia lina mchango wake. Na maji. Anakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Anakunywa vizuri," Wasila alisema.

"Nakunywa mpaka adhuhuri," Dorsaf alisema.

Hakusema kwa kushitaki. Alisema kama anavyojibu mtoto aliyeulizwa jina la shule yake. Daktari alimgeukia.

"Mpaka adhuhuri, halafu?"

"Halafu ni marufuku. Asubuhi naruhusiwa glasi mbili. Siku ya sherehe sikunywa kabisa, kwa sababu ya gauni."

Besma aliandika kitu, akakata, akaandika tena. Wasila angependa atukanwe. Angependa yule mwanamke asimame ampige. Badala yake daktari aliuliza kwa sauti ya kazi tu kama mtoto ana mzio wa dawa yoyote.

Kwenye korido Lazhar alilipuka. "Wewe ndiye uliyemkausha! Mtoto wangu umemkausha kama samaki!"

"Mimi? Na nani alisema nyumba inanuka zizi?"

"Nilikwambia umnyime maji? Nilitamka neno maji?"

Na ni kweli hakulitamka. Wala yule kijana wa zahanati, aliyekwisha kuhamia mji mwingine, hakutamka adhuhuri, alisema jioni. Kila mmoja alikuwa amesema neno dogo tu, akaenda zake, na aliyebaki na ufunguo shingoni ni Wasila. Monjia, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na mfuko wa machungwa mapajani, aliwatazama wote wawili.

"Gombaneni taratibu," alisema. "Mlango uko wazi, na mtoto anasikia."

Walimpasua Agosti. Walitoa jiwe, kubwa kama punje ya njugu, lenye miiba, na ule mrija uliopotea wakaukata na kuupandikiza kwenye kibofu mahali pake. Siku ya tano Dorsaf aliamka kwenye shuka kavu. Aliipapasa kwa mkono, mbele, nyuma, akapapasa tena.

"Mama, nimekauka," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aelezwe.

Wasila alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno lile siku zote tano. "Nisamehe, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Kwa maji. Kwa kukupiga."

Dorsaf alifikiri. "Lakini nilikuwa nalowa kweli," alisema.

"Halikuwa kosa lako."

"Sasa nikinywa sitalowa?"

"Hutalowa."

"Na nikilowa?"

"Hata ukilowa," Wasila alisema, lakini jibu lilikuwa limechelewa kidogo tu, kiasi cha kupumua mara moja, na mtoto aliona.

Walirudi nyumbani. Majirani walileta mayai na kuku. Wasila alikwenda shuleni kumweleza mwalimu Najiba habari yote, mirija, jiwe, upasuaji, na mwalimu alishika kifua akamshukuru Mungu kwa machozi ya kweli.

"Lakini mama Dorsaf, sisi tungejuaje?"

Wasila alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njiani. Yote yalimkauka, kwa sababu sentensi ile ile alikuwa analala nayo na kuamka nayo. Aliaga, akaondoka. Mto wa kukalia ulikuwa bado kwenye rafu ya darasa, umeandikwa jina kwa kalamu ya wino, akauchukua akautupa jalalani.

Daktari alikuwa ameagiza lita mbili kila siku, maana aliyewahi kupata jiwe hupata jingine. Wasila alilishika agizo lile kwa nguvu ile ile aliyoishikia sheria ya zamani. Chupa moja asubuhi, moja mchana, moja jioni, zimepangwa juu ya meza ya jikoni. "Kunywa, mama. Kunywa, roho yangu. Umekunywa?" Na kila jioni chupa zilikuwa tupu, na Wasila alilala akiwa na kitu kidogo cha kujipongeza.

Mwezi wa Machi walirudi Sfax kwa kipimo. Besma alipitisha kifaa upande wa kushoto, akaridhika. Akapitisha kulia, akasimama.

"Kuna jiwe dogo jingine huku. Anakunywa?"

"Lita mbili, daktari. Namsimamia mwenyewe. Wallahi safari hii nasema kweli."

"Dorsaf?"

Mtoto aliangalia vidole vyake vya miguu. "Namwagia mpera wa jirani," alisema.

"Maji yote?"

"Nabakiza kidogo, nakunywa kabla ya adhuhuri."

"Lakini kwa nini?" Wasila alipiga kelele, na daktari akainua kiganja kumnyamazisha. "Kwa nini, mwanangu, si nimekuruhusu? Si nakubembeleza kila siku?"

Dorsaf aliinua mabega. Alionekana kweli hajui. Koo lake lilikuwa limefundishwa miaka miwili, na aliyelifundisha ndiye huyo sasa anayelia mbele yake.

Jiwe lilikuwa dogo, daktari alitaka asubiri aone kama litatoka lenyewe kwa maji mengi, na alitaka mtoto awe karibu. Kwa hiyo Dorsaf alibaki kwa Monjia, pale pale Sfax. Ilikuwa wiki mbili tu. Wasila aliporudi kumchukua alifika saa kumi alasiri, kabla ya muda aliosema, na mlango wa ua ulikuwa wazi. Jikoni Monjia alikuwa anakatakata pilipili kwa ajili ya rojo kali la harisa, redio inaimba, na Dorsaf aliingia mbio kutoka uani, nywele zimejaa mchanga, akatwaa glasi kwenye sinki, akafungua jagi bila kumwuliza mtu, akajimiminia. Alikunywa glasi nzima kwa pumzi moja, maji yakimchirizika kidevuni. Akajimiminia nyingine.

"Punguza pupa, we ngamia," Monjia alisema bila kugeuka. "Utanimalizia na bahari."

Dorsaf alicheka. Wasila hakukumbuka lini alikisikia kicheko kile. Kisha mtoto akageuka, akamwona mama yake mlangoni, na mkono wenye glasi ukaenda nyuma ya mgongo. Haukuenda kwa kufikiri. Ulikwenda wenyewe.

"Shikamoo mama," alisema.

Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye kisigino.

Walizungumza ukumbini wanawake wawili, wakati mtoto akifungasha nguo zake chumbani. Au walidhani anafungasha. Wasila alipokwenda kumwangalia alimkuta ameketi kitandani, begi tupu, mikono mapajani, anasubiri aambiwe.

"Mwache kwangu," Monjia alisema Wasila aliporudi ukumbini. Safari hii mdomo wake ulikuwa na breki. "Sisemi kwa ubaya, wifi. Hospitali iko mtaa wa pili. Na anakunywa. Umemwona mwenyewe."

"Mimi ndiye mama yake."

"Hakuna aliyebisha."

Wasila aliangalia zulia. Alitamani Monjia aseme jambo moja la kikatili ili apate sababu ya kuinuka na kumchukua mtoto wake kwa hasira. Monjia alimimina chai tu, akaisogeza mbele yake.

"Mpaka shule zifungwe," Wasila alisema mwishowe.

Jiwe lilitoka Aprili, punje kama ya mchele, Monjia akalihifadhi kwenye kiberiti kumwonyesha daktari. Shule zilifungwa Juni, na Dorsaf alikwenda nyumbani siku kumi. Siku ya saba mkojo wake ulikuwa mzito na wa rangi ya chai. Lazhar mwenyewe ndiye aliyepakia begi garini, na Wasila alimsuka mtoto nywele kwa ajili ya safari, polepole, mafungu madogo madogo, ili ichukue muda.

Sasa Dorsaf ana miaka kumi na moja. Ni wa pili darasani huko Sfax. Kila Ijumaa Wasila anapiga simu. Mwanzoni alikuwa akiuliza, "Umekunywa maji?" na upande wa pili sauti ilikuwa ikijibu, "Ndiyo, mama," kama mtu anayemjibu askari barabarani. Siku hizi haulizi. Anauliza hali ya hewa, anauliza shangazi anapika nini, anampa simu Skandar.

Majirani wakiuliza kwa nini binti haishi nyumbani, Lazhar huwaambia kwamba shule za Sfax ni bora kuliko za machimboni, na kwamba walimu wa kule wanafundisha Kifaransa cha kweli. Watu huitikia kwa vichwa, wanakubali. Wasila naye, akiwa amesimama pembeni na kitambaa cha jikoni mkononi, huongeza kwamba kule hata hewa ni safi zaidi.